Bibi Anasema Siendi Popote

Biharamulo, 2 Machi 2025

Dada Felisita, shikamoo.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu, na naanza nalo kwako kwa sababu hatujawahi kuonana. Sijawahi kuongea Kichina. Nakisoma na kukiandika, na herufi zao nazichora hata pembeni mwa daftari la Jiografia. Lakini kwa mdomo, mbele ya mtu, sijatamka hata salamu. Darasani Mwalimu Gidioni akisema turudie wote pamoja, mimi nafungua mdomo bila kutoa sauti. Nafasi ya kambi ya lugha huko Changsha nchini China, wiki tatu za mwezi wa saba, nimeipata kwa insha. Walioisoma hawakunisikia.

Naitwa Theodosia Thobias, Kidato cha Tatu, mzaliwa wa Kirushya wilayani Ngara. Mwalimu anasema nawe ni mtu wetu, wa Bugarama, na huu ni mwaka wako wa tatu chuoni Changsha. Simu haturuhusiwi bwenini, kwa hiyo naandika kwa mkono naye anapiga picha karatasi na kukutumia. Ukijibu atachapisha pale steshenari mjini.

Nina maswali mengi. Kitabu cha maktaba kuhusu China ni cha zamani, kimejaa picha za baiskeli. Je, ni kweli hawapokei noti? Chakula kinapandaje kwenye vijiti bila kuanguka? Nibebe nini na niache nini? Na nikipotea nitamwuliza nani, mimi ambaye hata hapa Biharamulo mjini nikipotea huwa nazunguka tu mpaka nione kitu ninachokijua?

Kwanza pasipoti. Mwalimu amesema isipopatikana kabla ya mwisho wa mwezi wa tano, nafasi yangu atapewa mwingine. Maombi tumepeleka. Mama, ambaye aliolewa Kahama baada ya baba kufariki, ametia saini yake. Kwa kuwa sisi ni watu wa mpakani, ofisa atakwenda Kirushya kuuliza kama kweli mimi ni wa pale. Hilo halinipi wasiwasi. Nimelelewa pale na Bibi yangu Rozalia, na kila mtu ananijua.

Wako,
Theodosia


Changsha, 9 Machi 2025

Theodosia mdogo wangu, marahaba.

Mimi nilifika hapa nikijua sentensi mbili, na zote zilihusu kununua matofaa. Nilikula matofaa wiki nzima. Kwa hiyo tulia.

Noti wanapokea, lakini muuzaji atakutazama kama umempa jiwe. Watu hulipa kwa simu, hata muuza mahindi ya kuchoma. Walezi wenu wa kambi watawasaidia hilo. Beba chupa ya chai inayotunza joto, maana hapa maji ya kunywa ni ya moto na ukiomba ya baridi watakuuliza kama unataka kuugua. Beba karatasi za chooni mfukoni kila siku. Vyoo vingi ni vya kuchuchumaa, hapo utajiona uko nyumbani. Mwezi wa saba kuna joto kama la ndani ya tanuri la matofali, usibebe masweta. Mbegu, matunda na nyama acha, watakunyang'anya uwanja wa ndege. Zawadi ya mwenyeji ibebe, kikapu kidogo cha kusukwa kinatosha, na umpe kwa mikono miwili kama tunavyofanya kwetu. Anwani ya mahali mnapolala iandikwe kwa herufi zao kwenye kadi, uivae shingoni. Ukipotea, toa kadi. Hakuna haja ya kuongea.

Vijiti utajifunza kwa maharage makavu. Chonga vijiti viwili vya mti, weka maharage kwenye sahani, hamishia kwenye bakuli. Siku ya kwanza utalia.

Kuhusu mdomo. Sauti zao hupanda na kushuka, ndiyo, lakini wewe umekua na lugha yetu ya Kihangaza, nayo hupanda na kushuka. Koo lako linaijua kazi hiyo. Unachokosa ni mtu wa kumwambia. Anza na mtu mmoja unayempenda, hata kama haelewi neno.

Dada yako,
Felisita


Kirushya, 23 Machi 2025

Mjukuu wangu Theodosia,

Kalamu ni ya Wiston, maneno ni ya Bibi yako. Tuko jikoni, moshi mwingi, ukiona doa ni machozi ya Wiston na si yangu.

Habari yako tumeipata na tumefurahi kimyakimya. Nawe ufurahi hivyo hivyo. Hapa anayejua ni mimi na huyu Wiston, naye nimemwapisha. Shuleni usimwambie mtu asiyehusika. Kwetu mtu hasemi anasafiri. Anasema naenda hapo, na akishafika ndipo watu wanasikia alikuwa na safari.

Unajua habari za baba yako. Thobias alipopata kazi Mwanza aliwaita watu. Pombe ya ndizi ikanywewa hapa uani, kila mmoja akamtakia heri kwa mdomo wake, na mimi sikujua mdomo upi ulikuwa na nini ndani. Gari lake halikuvuka Rusahunga. Wewe ulikuwa hujaanza kutembea. Tangu siku hiyo katika nyumba hii hakuna safari inayotajwa.

Jirani akiniuliza, nina la kumjibu. Wewe soma. Nimekufumia sweta zito, China ni mbali na mbali kuna baridi.

Bibi yako,
Rozalia

Sasa ni mimi Wiston, Bibi ametoka kutafuta kuni. Theo, hongera sana binamu. Ukipanda ndege uniambie kama kuna honi. Na kuhusu hayo majibu ya Bibi kwa majirani, nina wasiwasi kidogo, ila nimeapishwa.


Biharamulo, 13 Aprili 2025

Bibi, shikamoo. Wiston, hujambo.

Natumaini mko wazima. Mimi ni mzima, ingawa sina uhakika kama watu wote wanakubali.

Jumatano matroni aliniita ofisini kwake. Akafunga mlango, akanipa rozari, akanishika mabega. Alisema ameongea kwa simu na katekista wetu Novatus, na kwamba shule nzima itaniombea katika wito wangu. Nikasema asante. Nilipofika bwenini ndipo nikajiuliza ni wito gani.

Siku iliyofuata kondakta wa basi la Ngara alileta ujumbe wa Shangazi Bonifasia kutoka Bugarama. Anasema amefurahi kusikia nakwenda kwake mwezi wa saba kumsaidia kupura maharage, na chumba ameshakipaka chokaa.

Jana mtoto wa Mama Anneth, jirani yetu, alikuja kumtembelea dada yake hapa shuleni. Aliniona nikikimbia kuwahi foleni ya uji, akashangaa. Akaniuliza, "Kumbe unaweza kukimbia?" Alisikia nitapelekwa Mwanza kupasuliwa mguu.

Wiston, naomba uniambie naumwa nini, na kama nikishapona nakuwa mtawa au napura maharage. Sijui nimwambie nani nini. Matroni akiniona na kitabu cha Kichina anatabasamu kwa huruma, nadhani anafikiri naaga dunia ya vitabu.

Bibi, nimejifunza kuhamisha maharage kwa vijiti. Saba bila kuangusha. Wenzangu wanasema nachezea chakula. Sweta nashukuru sana, nitalibeba.

Mjukuu wako,
Theodosia


Kirushya, 27 Aprili 2025

Theo,

Leo Bibi yuko msibani, kwa hiyo naandika bila polisi. Kaa chini kwanza. Utawa, mguu na maharage ni majibu ya Bibi, kila aliyeuliza alipewa lake.

Alhamisi alikuja ofisa wa uhamiaji. Kijana mpole, nguo za kiraia, faili kwapani. Mimi nilikuwa naosha pikipiki, Bibi anachambua maharage.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Nimetoka Ngara mjini. Theodosia Thobias ni mjukuu wako?"

"Kafanya nini?"

"Hajafanya kitu. Ameomba kusafiri nje ya nchi, nimekuja kuuliza habari zake tu."

Nilimkonyeza Bibi mpaka kope zikauma. Hakunitazama. Akasema, "Nje ya nchi? Mtoto yule? Yule ukimtuma dukani anarudi kuuliza ulimtuma nini. Huyo unayemtafuta wewe si wa hapa."

"Si wa hapa?"

"Si wa hapa, mwanangu. Kaulize kwingine."

Theo, niliiona kalamu ikitembea. Nikasema, "Afande, Bibi anatania." Bibi akanigeukia, "Wewe osha pikipiki."

Ofisa akaenda kwa Mama Anneth. Akaambiwa maskini yule binti na mguu wake. Akaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Bukuru, akaambiwa, "Theodosia? Yule wa utawani? Watawa wanakwenda na pasipoti siku hizi?" Nilimfuata nyuma na sabuni mikononi. Mwisho akasimama njiani akaniambia, "Kaka, mwenyekiti anasema ni mtawa, jirani anasema ni mgonjwa, bibi yake anasema si wa hapa. Mimi niandike nini?" Nikamweleza ukweli wote. Akanisikiliza, lakini akasema mimi ni mtu wa nne mwenye habari ya nne.

Unajua hapa mpakani neno "si wa hapa" lina uzito gani. Tangu enzi za kambi ya wakimbizi ya Benaco watu wanaulizwa babu yako alizikwa wapi. Ofisa anafikiri kuna mtu anatumia jina lako. Ameondoka na maneno kwamba taarifa hazilingani.

Jioni nilimweleza Bibi. Akasema, "Nimekosea nini? Si nimemficha?" Nikamweleza tena. Safari hii aliendelea kuchambua maharage ambayo yalikuwa yameshachambuliwa.

Nimekwenda kwa Mzee Bukuru kumwomba aandike barua kwamba wewe ni wa hapa na unasafiri kweli. Amekataa. Anasema, "Kila nyumba ina habari yake. Nikisaini moja nitaitwa mwongo na nyumba zilizobaki. Aje mwenyewe aseme mbele ya watu, wote wasikie mara moja. Baada ya hapo nitaandika mpaka wino uishe."

Namjua ninayemwandikia. Najua umeshaanza kutafuta wa kukusemea.

Wiston


Biharamulo, 30 Aprili 2025

Bibi, shikamoo.

Wiston asome taratibu, na asiongeze lolote.

Sijakasirika. Nimechanganyikiwa tu. Naona kila mtu amefanya analoliona ni jema na mimi nimebaki bila pa kushika. Kama nikinyamaza kama ulivyoniambia, siendi. Kama nikisema, nakuvunjia neno. Nimesoma barua yako ya mwezi wa tatu mara nyingi nikitafuta njia ya katikati na sijaiona.

Mwalimu Gidioni amezungumza na ofisi kwa simu. Wamekubali kusikiliza tena, tukileta barua ya mwenyekiti, majirani watakaothibitisha, na wewe mlezi wangu ukiwa umekaa pale mwenyewe.

Nataka kuja Jumapili ya tarehe kumi na moja. Nitamwomba katekista Novatus nafasi wakati wa matangazo. Sijawahi kusimama mbele ya watu, unajua. Hata Komunyo ya Kwanza uliniitikia wewe kutoka benchi la nyuma. Lakini naona hakuna mwingine wa kulisema hili.

Bibi, sitasema kama hutaki. Naomba unijibu.

Mjukuu wako,
Theodosia


Changsha, 2 Mei 2025

Mdogo wangu,

Mwalimu amenieleza. Nilicheka kwenye mguu, kisha nikaacha kucheka.

Mimi pia nilifichwa. Niliondoka Bugarama alfajiri na begi limefungwa kwenye gunia la mkaa, na Mama akawaambia watu niko Mwanza dukani. Niko Mwanza mpaka leo. Kuna jirani kila Krismasi ananiagiza dagaa. Mwaka jana Mama alilazwa mwezi mzima. Watu walikuja kumwona, wakaulizana ni binti gani huyu, Mwanza ni safari ya siku moja na hata kumjulia hali mama yake hataki. Mama alikuwa kitandani na hakuweza kunitetea, kwa sababu angeanza wapi?

Sikuambii umwasi Bibi yako. Yeye alizika mtoto, sisi hatujazika. Nakuambia tu upande wa pili ulivyo, maana hakuna aliyeniambia mimi.

Felisita


Kirushya, 5 Mei 2025

Theodosia,

Wiston anaandika na haongezi.

Sikukatazi. Nakwambia tu nitakuwa wapi. Siku baba yako alipotajiwa safari nilikuwa nimekaa katikati ya watu, nimeshika kibuyu, nikicheka. Sitakaa ndani ya nyumba yoyote nikisikia safari ikitajwa tena juu ya kichwa cha mtu wangu. Jumapili hiyo sitaingia kanisani.

Njoo ule. Uje na nguo nzito, kuna mvua.

Bibi yako,
Rozalia


Biharamulo, 14 Mei 2025

Dada Felisita, shikamoo.

Nakueleza ilivyokuwa, bila kuruka.

Ijumaa nilipewa ruhusa. Wiston alinipokea barabarani kwa pikipiki. Bibi alinipikia ndizi na maharage, tukala, na safari hatukuitaja. Jumamosi jioni nilimwuliza kesho atavaa kitenge kipi. Akasema, "Cha kukaa nyumbani."

Jumapili padri hakuwepo, ibada iliongozwa na katekista Novatus. Alitangaza ndoa mbili, akatangaza zamu ya kusafisha kisima, kisha akasema, "Theodosia wa Rozalia ana neno." Alinitazama kwa upole mwingi. Bado aliamini ni habari ya utawa.

Nilikuwa nimeandika kila kitu kwenye karatasi. Nilipofika mbele niliiacha mfukoni. Nikasema nilichokumbuka. Nilisema, "Siendi utawani. Samahani katekista. Mguu wangu ni mzima. Shangazi Bonifasia nitamtumia salamu, sitapura maharage. Mwezi wa saba nasafiri kwenda China kusoma lugha, wiki tatu, halafu narudi shule. Bibi alificha kwa sababu ya baba yangu, ninyi mlimzika. Naomba mkiulizwa mseme mimi ni wa hapa."

Watu walicheka kwenye mguu. Kwenye baba wakainamisha vichwa. Mama Anneth alijifunika uso kwa khanga, sijui kama ni aibu au nini.

Mzee Bukuru akaongea akiwa amekaa. "Hicho Kichina unakijua, au unakwenda kukitafuta?"

"Nakijua kidogo, babu."

"Tusikie. Nitasainije kitu ambacho sijakisikia?"

Wakacheka tena. Mtu akasema nyuma, "Mzee, wewe utajuaje kama kakosea?" Naye akajibu, "Nitaangalia macho yake."

Nikaanza kutafuta sentensi ya kusema. Akasema, "Salimia tu. Kama unavyomwamkia Bibi yako."

Nikamwambia wao hawana shikamoo.

"Hawana? Wanapitana tu kama ng'ombe?"

Nikasema wanasalimiana kwa njia yao. Nikafungua mdomo na hakikutoka kitu, kama darasani. Nilikumbuka ulivyoniandikia kuhusu mtu mmoja unayempenda, nikaangalia benchi ambalo Bibi huwa anakaa. Lilikuwa na nafasi wazi, watu walikuwa wameiacha. Nikamwamkia Bibi kwa Kichina, "Nainai hao." Ilikuwa ndogo mno. Nikarudia kwa nguvu, sauti ikashuka na kupanda pale inapotakiwa, nikaisikia mwenyewe.

Nje ya dirisha, upande wa migomba, mtu akaitika, "Marahaba."

Kanisa zima waliijua sauti hiyo. Hakuna aliyegeuka.

Katekista akafunga kwa sala. Nikatoka. Bibi alikuwa amesimama chini ya dirisha kwenye umande, amevaa kitenge chake cha kanisani, viatu mkononi. Hakuwa ameingia, kama alivyosema. Nilimshika mkono. Mzee Bukuru aliomba meza itolewe nje, akaandika barua palepale, na majirani wakaweka majina yao. Mama Anneth alikuwa wa kwanza.

Jumatatu nilikwenda na Bibi Ngara mjini. Tulimkuta ofisa yuleyule. Akamwamkia, akafungua faili, akauliza, "Bibi, mjukuu wako anasafiri?" Bibi alinitazama, akavuta kiti karibu na meza. Kisha akasema, "Anasafiri. Anakwenda China. Ni wa hapa. Andika."

Pasipoti bado haijatoka. Ofisa amesema tusubiri, safari hii kwa tabasamu. Sijui kama itawahi. Nimerudi shuleni jana, nikamrudishia matroni rozari, akasema nikae nayo. Nimeanza kufunga begi. Kadi ya anwani nimeiandika. Kikapu cha mwenyeji Bibi ameshaanza kukisuka, anakisuka uani, na anayepita akiuliza anamwambia ni cha nani. Sweta nimeliweka pia, najua ulivyosema kuhusu joto, lakini nimeliweka.

Leo asubuhi Mwalimu Gidioni aliandika sentensi ubaoni, akasema turudie wote pamoja. Nilitoa sauti.

Mdogo wako,
Theodosia